Imehifadhiwa, kumbe wapi!

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinizidi. Leo nimerudi na lalamiko kuhusu kufungamanisha data na kiolesura. Nina maana ule mtindo wa kuiambia programu ya kompyuta kwamba kisanduku hiki kwenye dirisha ni cha safu ile ya jedwali, halafu mambo mengine yajipange yenyewe. Huandiki msimbo wa kuchukua thamani na kuiweka kwenye kisanduku, wala wa kuirudisha. Sisi watengenezaji programu tunaupenda sana mtindo huu. Nadhani tunaupenda kwa upofu.

Kisa chenyewe ni hiki. Niliandikia kituo kimoja cha kukusanya maziwa programu ndogo kwa Windows Forms. Mkulima analeta maziwa, karani anapima, anaandika kilo kwenye kijitabu cha mkulima na kwenye kompyuta, na mwisho wa mwezi watu wanalipwa. Mwezi mmoja mama fulani akaja na kijitabu chake mkononi. Kijitabu kina siku zote. Kompyuta imeruka siku tisa.

Mimi, kama ilivyo desturi yetu, nikamlaumu karani. Nikamwambia bila shaka alisahau kuhifadhi. Akaniambia, "Kaka, nabonyeza, na mashine yako inanijibu imehifadhiwa." Nikakaa naye asubuhi nzima nikimtazama. Hakusahau hata mara moja.

Kosa lilikuwa langu. Rekodi mpya unayoiongeza kupitia BindingSource haiingii kwenye jedwali papo hapo. Inaelea kwanza, ili mtumiaji akighairi iweze kufutwa bila fujo. Inatua tu ukiita EndEdit, au mtumiaji akihamia rekodi nyingine. Kitufe changu cha kuhifadhi kilikuwa na mstari mmoja, Update, kisha ujumbe wa "Imehifadhiwa". Update ilitazama jedwali, ikapeleka kilichokuwamo, na rekodi inayoelea ikabaki nje. Karani alipoongeza mkulima aliyefuata, yule wa kabla yake akatua, na kubofya kulikofuata kukampeleka kwenye hifadhidata. Kwa hiyo wote walikuwa salama, isipokuwa wa mwisho kabla ya kompyuta kuzimwa. Na mama yule anaishi mbali, mara nyingi ndiye anayefika mwisho.

Nilipoijaribu programu kabla ya kuwapa, niliandika rekodi, nikahifadhi, nikaiona kwenye skrini, nikaridhika. Bila shaka niliiona! Skrini huonyesha hata ile inayoelea. Ningefunga programu na kuifungua tena ningejua.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba, tangu toleo la 2005, Visual Studio ukiiachia ikuundie kitufe hicho yenyewe huandika Validate na EndEdit kabla ya kuhifadhi. Mimi nilijifanya mjuzi, nikaandika changu.

Wala usidhani ni ugonjwa wa Windows Forms pekee. WPF, iliyotoka 2006 pamoja na .NET 3.0, nayo ina yake. Kisanduku cha maandishi, usipobadilisha mpangilio, hupeleka thamani kwenye data pale tu kinapopoteza fokasi. Weka kitufe cha kuhifadhi kwenye upau wa zana, na kukibofya hakuhesabiwi kuwa umeondoka kwenye kisanduku. Ukikosea jina la sifa unayofungamanisha, programu haianguki. Kisanduku kinabaki kitupu, na kosa linaandikwa kwenye dirisha la utatuzi ambalo karani hatawahi kuliona. Mimi ningependa ianguke.

Sisemi turudi kuhamisha kila thamani kwa mkono. Nilifanya hivyo zamani, na makosa yake yalikuwa mengi kuliko haya. Ninachodai ni kwamba mwandishi wa programu awe na jibu la swali moja kwa kila kisanduku: thamani hii inavuka lini? Kutoka skrini kwenda kwenye data, na kutoka hapo kwenda kwenye hifadhidata, ni mito miwili. Na mtumiaji aonyeshwe amesimama ng'ambo ipi. Access, ambayo wengi wetu huicheka, huchora kalamu kando ya rekodi ambayo bado inahaririwa. Nimeiba wazo hilo. Sasa programu yangu ina alama nyekundu inayozimika tu baada ya hifadhidata kujibu.

Mama alilipwa siku zake tisa kwa kufuata kijitabu. Karani naye, baada ya mkulima wa mwisho, bado huongeza rekodi tupu kisha anahifadhi tena, hila niliyomfundisha nilipokuwa natafuta dawa. Nimemwambia haihitajiki tena. Hataki kusikia.