Majivu na Mche wa Chai

Dada yetu aliyeolewa Bomet atuuliza kwa nini miche yake ya chai yageuka manjano na kufa mahali pamoja tu, palipokuwa jiko la mavyaa wake, ilhali jirani yake yote yastawi. Nasi twamuuliza: majivu ya miaka mingapi yalimwagwa hapo?

Mchai hutaka udongo mchachu, wenye kipimo cha pH kama 4.5 hadi 5.6. Udongo mwekundu wa Kericho na Bomet, uliozaliwa na miamba ya volkeno na kuoshwa chokaa yake na mvua nyingi, ndio hasa. Majivu huua uchachu huo. (Kwetu pwani, juu ya matumbawe yaliyojaa chokaa, mchai usingedumu hata tungejaaliwa baridi ya Kericho.)

Basi asirudishie miche mingine kabla ya kupimisha udongo. Kipimo kikiwa juu, apande hapo sukuma wiki, isiyochukia majivu, au atie unga wa salfa na kusubiri kishuke. Na matawi ya chai yakipogolewa ayaache shambani yaoze, asiyafanye kuni, hata mavyaa akinung'unika.