Kuflashi simu si kubadilisha betri

Ukipanda basi kutoka Kirehe kuja Kigali, unapita Remera kabla ya kufika Nyabugogo. Ndiyo maana wengi wetu wa Mahama tunashukia pale Giporoso na simu zetu mfukoni. Mbele ya kimeza cha fundi tunaambiwa maneno yale yale: “Mfumo wa hii simu ni mzito. Nikuflashie, nikuwekee mwingine, chaji itakaa siku mbili.” Tunalipa. Mimi maneno hayo nayapinga, maana yanakula pesa ya watu wasio na pesa.

Betri ni kemia, jamani. Betri ya lithiamu inachoka kila inapojazwa na kumalizika. Baada ya mizunguko kama 500 nyingi zinabaki na asilimia 80 hivi ya nguvu zake za mwanzo, na joto linazichosha haraka zaidi. Simu iliyolala miaka minne chini ya bati la moto, ikichajiwa kwa sola inayopanda na kushuka, imechoka. Hakuna programu duniani inayorudisha kile kilichokwisha ndani ya betri.

“Lakini yangu ilipona!” Ndiyo, wiki ya kwanza. Ilirudi tupu. Magrupu ya WhatsApp thelathini hayamo, michezo ya watoto haimo, hakuna kinachovuta data usiku. Ukirudisha vyote, chaji inarudi pale pale. Kama kufuta ndiko kulikosaidia, si ungefuta mwenyewe kwenye mipangilio, bure?

Tena kuna kufuta kunakouma. Ili kuweka mfumo mwingine, kwanza unafunguliwa mlango wa kuwashia simu, ile wanaita butiloda, na kwenye simu nyingi kitendo hicho kinafuta kila kitu. Mtu wa mjini ana kompyuta, ana nakala. Sisi picha ya nyumba ya Masisi, sauti ya mama aliyekwisha kufa, picha ya karatasi iliyopotea njiani, vyote viko kwenye simu moja hiyo hiyo. Fundi anayebonyeza bila kuuliza “umehifadhi wapi?” anafanya jambo zito, hata kama mikono yake ni myepesi. Na akiweka faili lisilo lake, simu inaweza kupoteza IMEI, ikakosa mtandao. Hapo ujumbe wa msaada utaupokelea wapi? Kwetu, tangu WFP ilipoanza kutoa pesa badala ya chakula pale Gihembe mwaka 2014, namba ya simu si mchezo.

Mifumo hii yenyewe siitukani. LineageOS ilizaliwa mwisho wa 2016, baada ya CyanogenMod kufungwa. Inatengenezwa na watu wanaojitolea, na inazipa simu za zamani za Samsung au Xiaomi masasisho ya usalama ambayo kampuni ilishaacha kuyatoa. Inakuja bila takataka za kiwandani, na hiyo kweli inaweza kuokoa chaji kidogo. Kazi nzuri sana! Ila tazama orodha yao ya simu: Tecno hakuna, itel hakuna, Infinix hakuna. Na sisi tunashika nini mkononi? Basi fundi akikuambia amekuwekea “mfumo mpya” kwenye itel, ama amerudisha ule ule wa kiwandani, ama ameweka wa jumla usioijua vizuri redio ya simu yako. Redio isiyotulia inatafuta mtandao usiku kucha, nayo inakula chaji sana. Na programu nyingi za benki zinakataa kabisa simu iliyofunguliwa. Bahati nzuri *182# haijali.

Nanyi wa mashirika mnaosoma hapa, msicheke. Mnatuambia tupakue programu hii ya mafunzo, ile ya malalamiko, nyingine ya afya, kila moja inataka kujua tuko wapi na inaamka yenyewe saa nane za usiku. Halafu mnashangaa kwamba hatupatikani mchana. SMS ilikuwa na ubaya gani?

Kwa hiyo ukifika Remera, kabla hujatoa faranga, fungua Mipangilio, ingia Betri, umwonyeshe fundi ni nini kinachokula. Mwambie afungue mgongo wa simu: betri ikiwa imevimba, mazungumzo ya mfumo yaishie hapo, na usiichaji tena. Muulize bei ya betri nzima, yenye uzito wa kweli, maana zile nyepesi zilizoandikwa 5000 mmeziona. Na ukiwa bado unataka kuflashi, sawa, ni simu yako. Tafuta kwanza mtu mwenye kompyuta, muhamishe picha za mama.