Butembo-Beni: Mbwa wa « basenji » anadharauliwa nyumbani, lakini urithi wake unatafutwa ng'ambo

Mjini Butembo na mjini Beni, mtu anayetafuta mbwa wa kulinda nyumba huuliza kwanza juu ya ukoo wake: ni mbwa mchungaji wa Kijerumani, yule wengi humuita berje, ni mchanganyiko, ama ni mbwa wa kijiji tu? Mbwa wa kijiji, mdogo, wa rangi ya udongo, masikio yamesimama na mkia umejikunja juu ya mgongo, ndiye wa bei ya chini. Mara nyingi hutolewa bure. Kuna wanaomuita mbwa wa basenji, yaani mbwa wa watu wa porini wasiostaarabika, na tusi hilo linampata mbwa pamoja na mwenye mbwa.

Lakini huko Ulaya na Marekani, Basenji ni jina la heshima. Ni aina ya mbwa iliyoandikishwa, yenye vyama vyake, mashindano yake na daftari la ukoo. Asili yake ni misitu ya Kongo na kusini mwa Sudan, na jina lake limetoka kwenye neno hilo hilo la dharau. Wataalamu wa jeni wanaihesabu kati ya aina za mbwa zilizojitenga na nyingine tangu zamani sana. Na wafugaji wa ng'ambo walipoona mbwa wao wanaugua, walirudi kaskazini mwa inchi yetu kutafuta damu mpya.

Safari hiyo inawahusu wakaaji wa Butembo na Beni leo, kwa sababu usalama mdogo unawasukuma wengi kutafuta mbwa mkubwa wa kigeni, huku yule wa asili akiachwa azae ovyo au apotee.

Kutoka Kongo hadi London

Mbwa wa kwanza wa aina hii kuonyeshwa Uingereza walifika kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1895. Hawakuishi: walikufa kwa ugonjwa wa distempa, ambao mwili wao haukuwahi kukutana nao. Mwaka 1937 mfugaji Mwingereza, Olivia Burn, aliwaonyesha tena Crufts, na watu wakajaa kumtazama mbwa asiyebweka. Mwaka 1959 mwenzake, Veronica Tudor-Williams, alisafiri mpaka kusini mwa Sudan na kurudi na mbwa jike aitwaye Fula. Uzao wa Fula ulienea katika daftari za ukoo za inchi nyingi.

Kwa wawindaji wa huku, mbwa huyo hakuwa ajabu. Wambuti wa msitu wa Ituri huwinda kwa nyavu na kumfunga mbwa kengele ya mti shingoni. Kwa kuwa mbwa habweki, kengele ndiyo inayomwambia mwindaji mahali alipo. Mbwa huyo hana ububu. Koo lake limeumbwa tofauti, na sauti yake hutoka kama wimbo mfupi au kilio. Tena, jike wake hupata joto mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengi wa kufugwa hupata mara mbili.

Ugonjwa ulioingia kwa mlango uliofungwa

Shida ilianzia kwenye hesabu. Mbwa waliofika salama Ulaya na Marekani walikuwa wachache, na daftari la ukoo likafungwa: hakuna mbwa aliyeruhusiwa kuandikishwa kama wazazi wake hawakuandikishwa. Kwa hiyo wajukuu wa mbwa wale wale wachache walizalishwa wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi.

Kila mbwa hurithi nakala mbili za kila jeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Jeni mbaya nyingi hujificha: mbwa akiwa na nakala moja mbaya na moja nzima, haonyeshi dalili yoyote. Lakini wabebaji wawili wakizaliana, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala zote mbili mbaya, na huyo ndiye anayeugua. Katika ukoo mkubwa uliochanganyika, wabebaji wawili hukutana mara chache. Katika ukoo mdogo uliofungwa, hukutana kila siku.

Ndivyo ugonjwa wa Fanconi ulivyoenea kati ya Basenji wa Marekani. Figo hushindwa kurudisha sukari, chumvi na protini mwilini, vyote vikatoka kwa mkojo. Mbwa hunywa maji bila kushiba na hukonda. Dalili huonekana akiwa na miaka 4 au zaidi, wakati mara nyingi amekwisha kuzaa. Kwa kadirio, angalau mbwa 1 kati ya 10 alipatwa. Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha kwanza cha jeni mwaka 2007, na kipimo cha moja kwa moja mwaka 2011.

Kabla ya vipimo hivyo, wafugaji Wamarekani walikuwa wamechagua njia nyingine. Mwaka 1987 na 1988 walifika kaskazini mwa Zaire ya wakati huo, katika inchi ya Wazande, wakachukua watoto wa mbwa vijijini. Mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa kwa ajili ya mbwa 14 kutoka Afrika. Pamoja nao iliingia pia rangi ya milia ya chui. Daftari likafunguliwa tena mwaka 2009 hadi mwisho wa 2013. Mbwa ambaye hapa hana bei ndiye aliyeombwa kuponya ukoo wa mbwa wa bei kubwa.

Je, mbwa wetu wa vijijini ni wale wale?

Si kila mbwa anayezunguka soko la Butembo ni Basenji. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulipima mbwa 318 wa vijijini katika Misri, Namibia na Uganda, jirani yetu wa ng'ambo ya Kasindi. Ulionyesha kwamba mbwa wa Afrika ni mchanganyiko: kuna waliotoka moja kwa moja kwa mbwa wa kale wa bara hili, na kuna wenye damu iliyoingia baadaye kutoka nje. Basenji alipatikana karibu na kundi la asili. Lakini mbwa aitwaye Rhodesian Ridgeback, ingawa jina lake ni la Afrika, alionekana kuwa na asili kubwa ya nje.

Mwaka 2021 wataalamu walitoa ramani kamili ya jeni za Basenji na kupendekeza itumiwe kama kipimo cha kulinganisha aina nyingine. Kabla ya hapo, kipimo kikuu kilikuwa jeni za mbwa wa aina ya Boxer aitwaye Tasha, zilizotolewa mwaka 2005.

Kinachorithiwa na kisichorithiwa

Kwa mnunuzi wa Butembo, swali la kwanza ni lingine: mbwa wa berje atalinda kuliko wa kijiji?

Ukoo wa berje ni wa juzi. Ulianza kuandikwa Ujerumani mwaka 1899, wakati afisa Max von Stephanitz alipomnunua mbwa mmoja, akamuita Horand von Grafrath na kumfanya wa kwanza katika daftari. Umbo, rangi na ukubwa hurithiwa kwa nguvu. Kadhalika ubovu wa nyonga, ambao humfanya mbwa huyo achechemee akingali kijana.

Kuhusu tabia, jibu ni tofauti. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchunguzi juu ya mbwa zaidi ya 18,000 nchini Marekani. Matokeo yalikuwa kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Wepesi wa kusikia amri ulifuatana na aina kidogo zaidi, lakini wepesi wa kukasirika karibu haukufuatana nayo kabisa. Anayelipa pesa nyingi akiamini kwamba ukali uko ndani ya damu amenunua hasa umbo. Malezi, chakula na mazoezi ndivyo vinavyobaki kazini.

Hata hivyo aina ina maana kwa kazi fulani. Hifadhi ya Virunga, inayogusa maeneo ya Beni na Lubero, ilianzisha kikosi cha mbwa mwaka 2011. Ilitumia mbwa wa aina ya Bloodhound, wenye uwezo mkubwa wa kunusa, kufuata nyayo za majangili. Lakini kikosi hicho kilitegemea pia mafunzo ya muda mrefu, walinzi waliojitolea na madaktari wa wanyama. Familia ya Mutwanga au Furu haipati hayo kwa kununua mtoto wa mbwa sokoni.

Kuchanganya nako kuna matokeo yake. Huko Bar Harbor, Marekani, watafiti John Paul Scott na John Fuller walizalisha Basenji pamoja na mbwa wa aina ya Cocker Spaniel, na kutoa matokeo katika kitabu cha mwaka 1965. Watoto walibweka kwa wepesi kama mzazi wa Kizungu, na desturi ya Basenji ya kupata joto mara moja kwa mwaka ilijificha. Maana yake ni kwamba msalaba mmoja unatosha kuficha sifa zilizochukua karne nyingi kujengeka, na bila kumbukumbu hakuna atakayejua pa kuzitafuta tena.

Vita inaongeza hatari. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika eneo la Beni, na baadaye kwenye barabara ya Mambasa, kuingia msituni ni kuhatarisha maisha. Mwindaji asiyeingia msituni hana sababu ya kulisha mbwa wa kuwinda, na familia inayokimbia usiku hubeba watoto kwanza.

Nani atafaidika?

Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ambao Kongo ni mwanachama wake, unasema kwamba anayechukua urithi wa jeni wa inchi lazima apate ruhusa na kugawana faida. Haurudi nyuma mpaka mbwa wa 1937 au 1987. Unaweza kusaidia kwa watakaochukuliwa kesho, lakini inchi isiyojua ilicho nacho haiwezi kukidai.

Mahali pa kuanzia pako karibu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, kina fakulte ya udaktari wa wanyama. Kuandika mbwa wa kijiji wanapatikana wapi, wana umbo gani, wanabweka au la, jike anazaa mara ngapi kwa mwaka, hakuhitaji mashine ya bei kali. Kunahitaji kalamu, daftari na watu wa vijijini wanaoheshimiwa kama wenye maarifa.

Kwa mwenye nyumba, hatua ya kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba kuchanja asilimia 70 ya mbwa hukata maambukizi. Kuua mbwa wa mtaani hakuukomeshi, na wanaouawa kwanza huwa ndio hao wa kijiji. Virusi havichagui ukoo: berje wa bei kubwa asiyechanjwa ni hatari zaidi kwa watoto wa nyumba kuliko mbwa wa kijiji aliyechanjwa.