Chombo cha kazi kikiwa kizito, nani analipa?

Kijana mmoja anayejifunza kuandika programu hapa Bukavu aliniletea ordinateri yake. Ni mashini ya okazioni, yenye RAM ya giga 4. Alikuwa ameanza kuamini kwamba kichwa chake ndicho kizito, sababu wenzake walikuwa wakimaliza mazoezi yeye angali anangojea dirisha lifunguke. Nikaangalia: VS Code imefunguliwa, Chrome nayo ina kurasa kadhaa, RAM imeisha. Kichwa chake hakina shida yoyote.

VS Code ni chombo cha Microsoft cha kuandikia programu, na kimejengwa juu ya Electron. Electron ni kiunzi, yaani msingi uliokwisha kutayarishwa wa kutengenezea madirisha, menyu na vitufe. Ndani yake mna Chromium, injini ileile inayoendesha Chrome. Basi anayefungua VS Code na Chrome pamoja ni kama amewasha Chrome mbili kwa wakati mmoja.

Tusiwalaumu waliochagua njia hiyo bila kupima faida yake. Mwaka 2015, VS Code ilipotangazwa, ilitoka siku ileile kwa Windows, Mac na Linux, tena bure. Mtu anayejua kutengeneza kurasa za intaneti anaweza kuiongezea kazi mpya. Kama si kiunzi hicho, pengine sisi wa Windows tungengojea sana. Mfano upo: baadhi ya waliotengeneza Atom, chombo cha GitHub kilichozaa Electron na kufungwa Desemba 2022, waliamua kuanza upya. Walijenga Zed kwa lugha ya Rust, wakachora wenyewe kila kitu kinachoonekana kwenye skrini. Ni nyepesi na ina mbio. Lakini watu wa Mac waliipata mwaka 2023, na toleo kamili la Windows lilifika Oktoba 2025 tu.

Kwa hiyo gharama haikwepeki. Ama anailipa mtengenezaji kwa miaka ya kazi, ama anailipa mtumiaji kwa RAM, batri na mega. Mhandisi wa Marekani mwenye giga 32 haisikii. Sisi tunaisikia kila umeme unapokatika na kila toleo jipya la karibu megabaiti 100 linapotaka kushuka kwa mega tulizonunua.

Kuna gharama nyingine isiyosemwa sana. Ukijenga juu ya msingi wa mwingine, yeye ndiye anaamua nani atafukuzwa nyumbani. Mwaka 2023 Chromium iliacha Windows 7 na 8.1, Electron ikafuata, na VS Code 1.79 ikawa ya mwisho kwa mwenye Windows 8.1. Mashini ilikuwa bado inafanya kazi, lakini mlango ukafungwa. Ordinateri ngapi za namna hiyo ziko katika vyumba vya mafunzo vya Goma, Uvira na Bunia?

Kwa walimu wetu, naomba jambo moja: msimlazimishe mwanafunzi atumie chombo kimoja tu. Geany na Notepad++ zinatosha kabisa kujifunza Python au C, na zinaenda vizuri kwenye mashini dhaifu. Wekeni mafaili yake kwenye flashi, kila mwanafunzi anakili bila kununua mega. Anayebaki na VS Code aondoe nyongeza asizozitumia.

Na vijana wanaotengeneza programu za maduka na farmasi zetu, mnaweza kutumia Electron kama haraka inawabana. Ila mbele ya kumpa mteja, ijaribuni kwenye mashini ya giga 4, pamoja na kazi nyingine zilizofunguliwa, si kwenye ile nzuri ya ofisini kwenu.

Yule kijana nilimwekea Geany. Zoezi lililomshinda siku mbili alilimaliza jioni ileile, batri ikiwa bado na nusu.