Bingwa wa Nani? Msimchore Amin Ukutani Kwetu

Vijana wa klabu ya ndondi hapa kambini wanataka kuchora picha ya Idi Amin kwenye ukuta wa banda lao la mazoezi. Kifua wazi, glavu mikononi, na chini yake maneno: BINGWA WA UZANI MZITO. Rangi zimeshanunuliwa. Nilipopinga mkutanoni Jumapili nikaambiwa, "Wewe umesoma sana huko Busitema, umesahau michezo. Siasa tumeiacha kando, sisi tunamsifu bondia." Nikapewa dakika mbili za kujibu. Hapa nina kurasa mbili, basi nisikilizeni.

Nianze na yaliyo kweli, maana anayebisha kila kitu hasikilizwi. Amin alikuwa na mwili: kimo chake kilikaribia mita mbili. Aliingia jeshi la Waingereza, King's African Rifles, mwaka 1946, na kwa miaka tisa, 1951 hadi 1960, anahesabiwa kuwa bingwa wa ndondi wa Uganda katika uzani wake. Miaka tisa si mchezo. Nyie mnaoamka saa kumi na moja kukimbia mnajua maana yake.

Lakini uzani gani? Hapo ndipo ukuta wenu unaanza kusema uongo. Amin hakushika taji la uzani mzito. Alishika la uzani ulio ngazi moja chini yake, ule ambao mwisho wake ni kama kilo 81. Lile jitu lenye medali mpaka tumboni mnaloliona kwenye picha ni rais wa miaka ya 1970. Mmechukua tumbo la rais mkalivalisha mkanda wa kijana.

Halafu, alimpiga nani? Bondia hapimwi kwa miaka tu, anapimwa kwa watu aliokubali kukutana nao. Wakongomani wenzangu, tukumbuke Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. George Foreman alipanda ulingoni akiwa na mapambano 40 bila kupoteza hata moja, akakutana na Muhammad Ali, akaangushwa raundi ya nane mbele ya dunia nzima. Alipoteza, lakini mpaka leo tunajua alikuwa bondia kweli, kwa sababu alikutana na Ali. Sasa niulizeni Amin alikutana na nani. Kila mara ninapouliza najibiwa "miaka tisa," sijawahi kutajiwa jina hata moja la mpinzani. Uganda ya wakati ule ilikuwa nchi ndogo chini ya Mwingereza. Vijana wenye kilo 50 na 55 walikuwa tele, na huko ndiko ushindani ulikokuwa mkali. Wanaume wa kilo 80 waliokula nyama ya jeshi na kupewa muda wa mazoezi walikuwa wangapi? Kuwa mrefu kuliko wote kwenye foleni fupi si jambo la kuandikwa ukutani.

Tena angalieni medali za Uganda zilitoka wapi. Medali za kwanza kabisa za nchi hiyo katika Olimpiki zilipatikana Mexico 1968, zote mbili za ndondi, zote za watu wadogo: Eridadi Mukwanga alichukua fedha, Leo Rwabwogo shaba. Rwabwogo akarudi Munich 1972 akachukua fedha. Amin hakupigana Olimpiki hata siku moja.

Na kama kweli mnataka uzani mzito, Uganda inaye. Anaitwa George Oywello. Mwaka 1962, kule Perth, Australia, alichukua dhahabu ya uzani mzito katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Uzani mzito wenyewe, mbele ya wageni, ugenini. Mkutanoni niliuliza nani anamjua Oywello. Kimya. Hata kocha. Hiyo ndiyo maana ya kusema mtu amesifiwa kupita kiasi: sifa haitoki hewani, inachukuliwa kwa mwenzake.

Mkubwa akishapata jina, watu humwongezea. Mmesikia ile hadithi kwamba Amin aliitwa kuwa mchezaji wa akiba wa Afrika Mashariki katika raga, dhidi ya timu ya Waingereza na Waairishi mwaka 1955? Orodha ya timu ipo, picha ipo, yeye hayumo. Akiwa rais alipanda ulingoni kupigana na Seruwagi, kocha wa mabondia wa taifa. Jamani, wewe ungekuwa Seruwagi, ungerusha konde la kweli kwa mtu ambaye askari wake wamesimama mlangoni?

Busitema nilibishana na mzee mmoja anayechoma mahindi kando ya barabara kuu ya Tororo, pale malori yanapopunguza mwendo na nyani wanatoka msituni kuomba. Nilimwambia haya yote. Akageuza hindi lake, akasema, "Mwanangu, mimi ndondi zake sizijui. Nakumbuka chumvi." Akanieleza siku za magendo: sukari, sabuni na chumvi vilipotea madukani, watu wakawa wanavuka kwenda Busia upande wa Kenya usiku kwa miguu, kahawa kichwani, na askari wakikuona wanapiga risasi. Maduka ya Tororo yalikuwa yamefungwa tangu 1972, wenye maduka, Wahindi, walipopewa siku 90 waondoke. Mwaka 1976 huyo huyo akadai kwamba magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda, na watu wa mpakani wakalala na viatu miguuni. Mzee alisema haya bila hasira. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira.

Mtasema nimerudi kwenye siasa. Lakini aliyechanganya ndondi na siasa si mimi, ni yeye. Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, Tanzania, yakaua na kupora. Kisha akapendekeza vita vimalizwe ulingoni, yeye na Nyerere, Muhammad Ali awe refa. Watu walicheka, na wengine mpaka leo wanacheka. Mimi sioni kichekesho. Bingwa wa jeshi anamwita ulingoni mwalimu mwembamba wa miaka 56, huku maiti za Kagera hazijazikwa. Na raundi ya kweli ilipofika, Watanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni walipoingia Kampala Aprili 1979, bingwa hakuwepo. Alikimbilia Libya, halafu Saudi Arabia, akafia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 bila kusimama mahakamani. Waliouawa katika utawala wake, makadirio ya chini ni 80,000, ya juu yanafika 300,000 na zaidi. Hata yeye alikufa ugenini, sawa, lakini hakupanga foleni ya unga.

Hapa niseme na ndugu zangu wa West Nile na Wakakwa wa pande zote tatu za mpaka. Kumpinga Amin si kuwatukana nyinyi. Mimi natoka Aru. Wazee wa kwetu wanakumbuka jinsi watu wa West Nile walivyovuka kuanzia 1979, wakikimbia kisasi kwa makosa ambayo si yao. Yeye alipanda ndege, nyinyi mkatembea kwa miguu na watoto mgongoni. Mtu aliyewaachia deni la damu mlilipe, mnamdai, hammdai yeye shukrani? Ukuta ule ungewatwisha jina lake upya, mbele ya Wasudani, Warundi na Wakongomani wanaopita pale kila siku kwenda kuchota maji.

Na ndugu zangu wa mashirika, mnisamehe. Mmoja wenu aliuona mchoro wa penseli akapiga picha, akasema unavutia. Kwenu Amin amekuwa mtu wa sinema. Sisi tunaishi na wajukuu wa waliomkimbia. Glavu mlizoleta ni nzuri na tunashukuru, ila kabla ya kusifu picha, ulizeni jirani anaionaje.

Sitaki ukuta ubaki mtupu. Mchoreni Oywello, maana ni haki yake. Na pembeni yake mchoreni mtu ambaye hata bondia hakuwa: John Akii-Bua. Munich 1972 alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, dhahabu na rekodi ya dunia. Amin alimpongeza na kujipamba kwa jina lake. Utawala ulipoporomoka mwaka 1979, Akii-Bua akakimbia tena, safari hii kuvuka mpaka kwenda Kenya, na huko akawekwa kambini. Kambi ya wakimbizi, kama hii yetu. Bingwa wa Olimpiki akasubiri jina lake lisomwe, mpaka kampuni ya viatu ya Puma ikamtoa na kumpeleka Ujerumani.

Huyo ni wa kwetu. Mtoto anayepita pale na ndoo akiuliza, "Huyu ni nani?" mtaweza kumjibu mkimwangalia usoni. Mkutano wa kupiga kura ni Jumapili ijayo, saa nane, chini ya mwembe. Safari hii naomba nipewe dakika tano.