Mlinzi wa Dunguni

Mama mmoja wa Magoma, upande wa Korogwe, ameandika kuuliza. Mwanawe amesikia redioni kwamba ndizi zina mionzi, na kwamba wataalamu hushuka chini ya ardhi kuikimbia mionzi. Je, aache kuwapa watoto ndizi? Hapana, mama, usiache. Lakini swali lako ni jema, nasi tutalijibu kwa mfano wa shambani.

Mlinzi wa mahindi huketi dunguni usiku akimsikiliza nguruwe. Akiwa mgeni, kila kitu humshtua: upepo, panya, mbwa wa jirani. Akisha kuzizoea sauti hizo zote, nguruwe akivunja bua moja tu, amtambua.

Wataalamu wa fizikia nao wana ulinzi wao. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima mwendo wa magalaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, akaona kwamba yana uzito kuliko vyote vionekanavyo ndani yake. Uzito huo huitwa maada ya giza. Yadhaniwa kuwa ni chembe zinazopita kila mahali, hata ndani yetu, bila kugusa kitu ila kwa nadra sana. Kuisikia moja ikigonga kwataka kimya kikubwa.

Juu ya ardhi kimya hakuna. Chembe zitokazo angani hupita katika kiganja chako, kama moja kila sekunde. Ndiyo sababu wataalamu hushuka migodini. Mtambo uitwao LZ, wenye tani 10 za zenoni iliyogeuzwa maji kwa baridi, umo katika mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, Marekani, karibu kilometa moja na nusu chini.

Lakini mwamba uzuiao mionzi ya angani una mionzi yake wenyewe. Urani na thori zimo katika kila udongo, kidogo hapa, nyingi pale, kama katika Kilima cha Mrima huko Kwale, Kenya. Humo hutoka gesi ya radoni, ipenyayo kila ufa. Risasi nayo ina mionzi. Kwa hiyo huko Gran Sasso, Italia, wataalamu wengine walitumia risasi ya meli ya Kirumi iliyozama miaka 2,000 iliyopita, ambayo mionzi yake imekwisha kufifia.

Na ndizi je? Ndizi moja hutoa mionzi kama mara 15 kila sekunde, kwa ajili ya potasiamu iliyomo. Mwili wa mtu mzima hutoa kama mara 4,000, naye aishi salama. Potasiamu ikizidi, mwili huitoa kwa mkojo.

La kuangaliwa ni radoni. Ikijikusanya ndani ya nyumba yaweza kuleta saratani ya mapafu, ikifuata tumbaku kwa ubaya. Basi fungueni madirisha.

Mwezi wa Agosti 2024 watu wa LZ walitangaza hesabu ya siku 280: maada ya giza hawakuisikia. Hawakuona haya kusema hivyo. Mlinzi mwema hapigi kelele kila usiku; ajua kutofautisha upepo na nguruwe. Nawe, mama, ndizi ni upepo tu. Chumba kisicho na dirisha ndicho cha kukeshea.