Zamu ya Usiku na Mgonjwa wa Akili

Yupo mfanyakazi ambaye wakubwa wake humsifu kupita wote. Hufika kazini kabla ya alfajiri, hufanya kazi ya watu watatu, huomba zamu mbili mfululizo, na akiulizwa juu ya usingizi hujibu kwamba hauhitaji. Huongea kwa haraka, mipango yake haina idadi, na fedha zake humtoka kama maji. Baada ya majuma machache mtu huyo huyo hawezi kuinuka kitandani. Hapo ndipo hupelekewa barua ya onyo, nayo hutoka meza ile ile iliyotoa barua ya sifa.

Mwenzetu huyo huenda si shujaa wala si mvivu. Huenda ni mgonjwa. Ugonjwa wa bipola humpandisha mtu kupita kiasi, kisha humshusha katika huzuni nzito isiyo na sababu ya kuonekana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 ulimwenguni walikuwa nao. Haukuletwa na uchawi, na unatibika. Tangu mwaka 1949, daktari John Cade wa Australia alipoeleza manufaa ya lithiamu, wagonjwa wengi wamerudi katika kazi zao wakazimudu. Lakini dawa hiyo yataka uangalifu: damu hupimwa mara kwa mara, na mtu atokwaye na jasho jingi pasipo kunywa maji ya kutosha huweza kudhurika, kwani dawa huzidi mwilini ikawa sumu. Msimamizi anayemnyima mtu wa tanuri au wa gatini nafasi ya kunywa maji hajui anacheza na nini.

Twataka kusema zaidi juu ya usingizi. Kwa mgonjwa huyu kukosa usingizi si uchovu tu. Ni mlango ambao ugonjwa hupitia kurudi. Muuguzi anayekesha juma hili, akashinda juma lijalo, kisha akakesha tena, anaweza kumeza dawa zake zote kwa uaminifu na bado akaanguka.

Kwa Tanzania Bara, sheria haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamkataza mwajiri kumfanyisha kazi ya usiku mtu aliyethibitishwa na daktari kuwa hafai kwa kazi hiyo, na yamtaka amhamishie mchana, isipokuwa kama haiwezekani. Maneno hayo ya mwisho twayaogopa, kwa maana mkubwa asiyetaka taabu huona kila jambo haliwezekani. Sheria hiyo hiyo yatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36, yaani 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara, mradi mgonjwa alete hati ya daktari. Haikusema malaria ndiyo ugonjwa na akili siyo.

Mbona basi hati hizo hazipelekwi? Kwanza ni fedha. Saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na mwenye watoto shuleni hawezi kuidharau. Pili ni neno “kichaa”, ambalo likitamkwa mara moja katika chumba cha chai halifutiki tena. Tukiri pia kwamba neno hilo halitamkwi na wakubwa peke yao. Hutamkwa na sisi wafanyakazi, na hata na viongozi wa matawi ambao wajibu wao ni kumsindikiza mwenzao ofisini, si kumcheka.

Hatusemi kwamba mgonjwa hana wajibu. Dereva wa basi anayejiona kuwa usingizi umemkimbia siku tatu hana budi kuushusha usukani na kwenda kwa daktari, hata kama anajisikia ana nguvu za simba. Lakini atasemaje ukweli huo, iwapo malipo yake ni kufukuzwa?

Kwa hiyo twawaomba wajumbe wa mabaraza ya wafanyakazi waulize jambo moja katika kikao kijacho: mahali petu pa kazi, ni nani amewahi kuondolewa zamu ya usiku kwa hati ya daktari, na hati hiyo ilisomwa na watu wangapi kabla ya kufungiwa kabatini?